Tusiiachie tarakilishi kazi ya kufikiri

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari lililoenea katika ofisi na shule zetu siku hizi halina jalada wala karatasi, kwani ni lahajedwali la tarakilishi. Mwalimu hulitumia kujumlisha alama, mhasibu kufuatilia karo, na mweka hazina wa chama kuhifadhi michango ya wanachama. Faida zake ni dhahiri shahiri. Kinachonitia wasiwasi ni jinsi tunavyoliamini bila kulihoji.

Yafaa ikumbukwe kuwa chombo hiki kilizaliwa darasani. Mwaka wa 1978, Dan Bricklin alikuwa mwanafunzi wa masomo ya biashara katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Alimtazama mhadhiri akijaza jedwali la hesabu ubaoni. Kila tarakimu moja ilipobadilika, ilibidi nyingine zote zilizoitegemea zifutwe na kuandikwa upya. Bricklin akawazia ubao ambao ungejisahihisha wenyewe. Akishirikiana na Bob Frankston aliyeiandika programu yenyewe, wakatoa VisiCalc mwaka wa 1979 kwa watumiaji wa tarakilishi ya Apple II. Baadaye ilifuatwa na Lotus 1-2-3 mwaka wa 1983, na Excel ya Microsoft mwaka wa 1985.

Siri ya lahajedwali ni kwamba kila kisanduku kina anwani yake, mathalan B2, nayo fomula hutaja anwani hizo badala ya tarakimu zenyewe. Mwalimu akirekebisha alama moja, jumla na wastani hubadilika papo hapo.

Hata hivyo, mashine hutii tu, haielewi. Mchukue mwanafunzi aliyepata alama 60 na 70, kisha akaugua siku ya mtihani wa tatu. Kisanduku kikiachwa kitupu, fomula ya wastani katika Excel itampa 65. Kikiandikwa sufuri, wastani utashuka hadi 43. Hesabu zote mbili ni sahihi, lakini ni ipi iliyo ya haki? Uamuzi huo ni wa mwalimu. Vivyo hivyo, akipanga safu ya majina kialfabeti na kuisahau ile ya alama, majina yatahama na alama zitabaki zilipokuwa. Ripoti itachapishwa ikiwa nadhifu kabisa, ilhali wanafunzi wengi wamepewa matokeo ya wenzao.

Makosa ya aina hii hayawapati wanagenzi pekee. Mwaka wa 2010, wanauchumi mashuhuri Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff walichapisha makala iliyohusisha deni kubwa la taifa na ukuaji hafifu wa uchumi. Wanasiasa wa Ulaya na Marekani waliitaja makala hiyo walipotetea kupunguzwa kwa matumizi ya serikali. Thomas Herndon, mwanafunzi wa uzamifu katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Amherst, alipewa zoezi la darasani la kurudia utafiti uliokwisha kuchapishwa. Akauchagua huo, na hesabu zake zikakataa kulingana nao. Aliwaandikia wataalamu hao, nao wakamtumia lahajedwali lao. Akagundua kwamba fomula ya wastani ilikomea mstari wa 44 badala ya wa 49, hivyo nchi 5 kati ya 20 zikaachwa nje. Mwaka wa 2013, yeye na wahadhiri wake walitangaza kosa hilo pamoja na kasoro nyingine walizoziona katika uteuzi na upimaji wa takwimu. Wataalamu hao walilikiri kosa la fomula, ingawa waliendelea kuitetea hoja yao kuu.

Tujifunze nini basi? Kwanza, mwanafunzi afundishwe kukadiria jawabu kabla ya kubonyeza kitufe, ili jawabu la ajabu limshtue. Pili, mwalimu akokotoe kwa mkono alama za wanafunzi wawili au watatu, kisha alinganishe. Tatu, mwanafunzi apewe nafasi ya kuzikagua alama zake kabla ya ripoti kutumwa nyumbani, wala asionekane mkaidi anapouliza zilivyopatikana.

Herndon aliyafanya hayo kwa sababu mwalimu wake alimpa zoezi la kukagua kazi ya wakubwa. Walimu wetu nao wawape wanafunzi zoezi kama hilo, hata kama kazi ya kukaguliwa ni ya mwalimu mwenyewe.