Kiingereza kwa Watoto wa Shule ya Msingi

Katika shule nyingi za msingi za serikali nchini Tanzania, Kiswahili ndiyo lugha ya kufundishia na Kiingereza ni somo. Kidato cha kwanza mambo hugeuka: karibu masomo yote hufundishwa kwa Kiingereza. Somo hilo, basi, lina mzigo mzito.

Mtoto mdogo hunasa matamshi upesi, lakini kanuni za sarufi humchosha. Njia iliyoenezwa na mwanasaikolojia wa Marekani James Asher tangu miaka ya 1960 humfaa zaidi: mwalimu hutamka agizo huku akilitenda, na watoto humwiga. Nyimbo na hadithi fupi hufuata. Maandishi yasiharakishwe, kwa kuwa tahajia ya Kiingereza, tofauti na ya Kiswahili, mara nyingi hailingani na sauti.