Fahamu: Kwa nini kundi la vijana wa baiskeli huzua hofu Kericho na Bomet

Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, waendesha baiskeli wa Nairobi hukutana na kupita mjini kwa msafara. Mtindo huu ulianzia San Francisco mwaka 1992, na hoja yake ni rahisi: mkiwa wengi, dereva hana budi kuwaona. Wapo wanaowashangilia, na wapo wanaopiga honi kwa hasira.

Huku Kericho na Bomet, kwenye mashamba ya chai, vijana wakiendesha baiskeli kwa kundi namna hiyo huzua hofu, na hofu hiyo ina chanzo chake. Barabara kuu ya Nakuru–Kisumu inapita Kericho, miteremko ni mirefu, mvua ya alasiri haikosi, na malori hayaishi. Jioni ya Juni 30, 2023, lori liliacha njia huko Londiani, Kericho, likagonga matatu, bodaboda na wachuuzi. Watu 52 walikufa. Mzazi anayekumbuka jioni ile, akiona vijana ishirini wakiteremka bega kwa bega, moyo humruka.

Lakini waliokufa Londiani hawakuwa wakifanya fujo barabarani. Wengi walikuwa kando, wakiuza bidhaa, wakingoja abiria. Kumfukuza kijana wa baiskeli hakupunguzi kasi ya lori. Akivuka mstari wa katikati, akemewe, na kwa ukali. Ila apewe pia pa kuendeshea: njia ya pembeni iliyotengwa na magari, na siku za kutumia barabara za murram kati ya mashamba ya chai, ambako magari ni machache.