Pondo, Tope na Kambare

Maji ya mvua yanayojaza majaruba ya Itetemia, pembeni mwa mji wa Tabora, hayateremki kuelekea Bahari ya Hindi, ingawa misafara iliyoukuza mji huu ilitoka huko. Yapite Mto Igombe kaskazini au Wala na Ugalla kusini, yale yasiyogeuka mvuke njiani huingia Mto Malagarasi, kisha Ziwa Tanganyika, mito ya Lukuga na Kongo, hadi Bahari ya Atlantiki. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kuichora safari hii akapata alama zote, na bado asijue kinachoyapata maji ndani ya ardhioevu ya Malagarasi–Muyovozi. Eneo hilo lina zaidi ya hekta milioni 3, na mwaka 2000 lilikuwa la kwanza nchini kuingizwa kwenye Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhioevu.

Ili ajue, apandishwe mtumbwi. Kinamasi hubadilika kila baada ya hatua chache, na anayesimama ukingoni huona ukingo tu. Mtumbwi unakata mstari mmoja: kutoka kwenye nyasi, kupenya matete na mafunjo, hadi maji ya wazi. Kila kituo wanafunzi wapime kina, jotoridi na oksijeni. Uangavu wa maji hupimwa kwa kisahani cheupe kilichofungwa kamba. Kizamishwe, na urefu wa kamba uandikwe pale kinapopotea machoni.

Oksijeni ndiyo yenye mambo. Chini ya mafunjo mwanga ni hafifu, upepo hauyakorogi maji, na mabua yaliyokufa yanaoza kwa kuitumia oksijeni ileile kidogo iliyopo. Perege hapo hupata taabu. Kambare hupanda juu, akavuta hewa, akazama tena, maana ana kiungo cha kupumulia nje ya maji. Kule Ziwa Victoria, samaki wadogo wanaostahimili uhaba huo wamepata kimbilio katika mafunjo, kwa sababu sangara hawezi kuwafuata ndani.

Kisha mwalimu aseme: choma tope kwa pondo. Mapovu yatapanda. Chupa iliyojaa maji ikipinduliwa juu yake, mdomo ukiwa majini, gesi itajikusanya ndani. Sehemu kubwa ni methani, kazi ya vijidudu vinavyoishi pasipo oksijeni. Mwanasayansi Alessandro Volta aliinasa gesi hiyohiyo mwaka 1776 kwa kuchokoa tope la Ziwa Maggiore, Italia. Tope lilelile linalotoa methani huhifadhi kaboni nyingi, kwa kuwa mabua hayaozi yote. Likikaushwa, kaboni hiyo hurudi hewani. Jambo hili, gumu kulielewa darasani, huwa jepesi kwa aliyeshika chupa mwenyewe.

Mwalimu wa historia naye asiachwe nyumbani. Misafara ya Tabora kwenda Ujiji ilivushwa Malagarasi kwa mitumbwi, na watawala wa vivuko walidai hongo, yaani ushuru wa kupita, kwanza. Wasafiri wa Kizungu Burton na Speke walilipa mwaka 1858, Stanley akalipa mwaka 1871, na juu ya malipo hayo mamba akamnyakua punda wake mtoni.

Habari ya punda isichukuliwe kama kichekesho. Maeneo ya ndani ya Malagarasi yana mamba na viboko, na si mahali pa kuanzia na darasa zima. Bwawa la Igombe, kaskazini mwa Tabora, liko karibu zaidi. Lakini lilijengwa ili kuupatia mji maji, hivyo kibali cha mamlaka ya maji kitangulie, na wavuvi waulizwe habari za mamba kabla ya mtoto yeyote kupanda. Kila mmoja avae jaketi la kuokolea, safari ianze asubuhi kabla ya upepo, na asiwepo wa kuogelea wala kukanyaga maji ya pembeni, kwa sababu ya kichocho. Mvuvi anayeshika pondo alipwe kama mwalimu mwingine yeyote. Swali la mafunjo yalikuwa wapi mwaka wa ukame, na wapi mwaka wa mafuriko, aulizwe yeye.