Bwawa la Samaki Uani: Tuongeze Kina au Uso?

Mwenye bwawa dogo la perege uani, katika mtaa kama Soweto mjini Mbeya, akitaka samaki wengi zaidi huenda akachimba chini zaidi. Je, jasho lake litalipwa?

Tuchukue bwawa lenye urefu wa mita 5, upana wa mita 4 na kina cha mita 1. Kina kikiongezwa kuwa mita 2, maji yatakuwa mara mbili, lakini uso utabaki mita za mraba 20. Nao uso ndio mlango wa jua na hewa. Kwa mwanga wa jua huota mwani, ambao hutoa oksijeni na kuwa chakula cha perege. Mwanga hupenya kidogo tu katika maji ya kijani. Chini hubaki baridi na oksijeni haba.

Mbeya iko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai ni wa baridi kali. Perege hustawi katika nyuzi 25 hadi 30 za Sentigredi. Maji yakishuka chini ya 20, hula kidogo na hukua polepole.

Basi afadhali bwawa lirefushwe liwe mita 10, kina kikibaki mita 1. Kwa samaki 2 katika kila mita ya mraba, 40 watakuwa 80. Sehemu mpya ichimbwe ikiwa kavu, ishindiliwe udongo wa mfinyanzi, ndipo ukingo wa kati uondolewe.

Kabla ya kushika jembe, wanafunzi na wapime joto la maji, juu na chini, alfajiri na saa 8 mchana.