Injini Nayo Huvuta Pumzi

Tarehe 24 Machi 1999, lori lililobeba unga na majarini lilishika moto ndani ya handaki la barabara lipitalo chini ya mlima Mont Blanc, ambalo huziunganisha nchi jirani za Ufaransa na Italia. Watu 39 walipoteza maisha. Magari ya zimamoto yaliyoingia kuwaokoa hayakuufikia moto. Moshi mzito uliyazingira, injini zikazimika, na waokoaji wenyewe wakalazimika kutafuta hifadhi.

Tukio hilo ni fundisho kwa kila askari, awe wa jeshi au wa polisi, anayeweza kuitwa kwenye moto au jengo lililoporomoka. Hewa ya kawaida ina oksijeni ya kadiri ya asilimia 21. Moto huila oksijeni hiyo, na moshi hushika nafasi yake. Msumeno wa injini ukiingizwa humo, petroli huizidi hewa, nguvu hupungua, na hatimaye injini huzimika. Masizi nayo huziba chujio la hewa.

Ipo hatari ya pili, nayo hujificha zaidi. Injini yaweza kuendelea kuunguruma mahali ambapo binadamu hawezi kuishi, huku ekzosi yake ikitoa kaboni monoksaidi, gesi yenye kuua isiyo na rangi wala harufu. Kwa hiyo mngurumo wa injini si ushahidi kwamba hewa ni salama kwa mwokoaji aliyevua barakoa, wala kwa majeruhi aliyefukiwa.

Njia iliyo bora ni injini kubaki nje penye hewa safi, na nguvu yake kupelekwa ndani. Pampu ya makasi ya kukatia vyuma hupeleka nguvu kwa mipira ya mafuta. Jenereta hupeleka umeme kwa waya. Vifaa vya betri havihitaji hewa hata kidogo. Pale ambapo hapana budi kutumia msumeno wa injini, kama vile juu ya paa, sharti uwashwe na kujaribiwa chini kabla ya kupandishwa, mkataji asimame upande unakotoka upepo, na chujio la akiba liwe tayari. Kuipulizia injini oksijeni ya mtungi ni kukaribisha mlipuko.

Mambo haya hayafunzwi siku ya ajali. Kikosi kinachopima urefu wa mipira na waya zake wakati wa mazoezi ndicho kitakachomfikia majeruhi angali hai.