Kuona Yaliyomo ndani ya Kontena bila Kulifungua

Huko Malaba, ambako kaunti ya Busia ya Kenya inapakana na wilaya ya Tororo ya Uganda, neno kontena halihitaji kamusi. Malori yatokayo bandari ya Mombasa huyapitisha yakiwa yamefungwa kwa lakiri. Mwaka 2017 Kenya, Uganda na Rwanda zilianzisha mfumo wa pamoja wa lakiri za kielektroniki, unaomwezesha afisa wa forodha kufuatilia shehena bila kuifungua.

Wanafunzi wa kompyuta nao wana kontena lao. Docker, iliyotolewa mwaka 2013, hufungasha programu pamoja na vyote inavyovihitaji. Aghalabu kazi moja huhitaji makontena kadhaa. Tuseme tunayo kamusi ya mtandaoni: kontena moja linapokea maswali ya wasomaji, na jingine lina hifadhidata. Docker Compose huyaendesha yote pamoja, mfano wa msafara, kwa kufuata maelezo ya faili moja.

Je, tutajuaje kinachotendeka ndani ya msafara huo? Amri ya kwanza ni hii:

docker compose ps

Amri hii huorodhesha makontena na hali ya kila moja, kama karani asomaye hati za malori. Amri ya pili huenda mbali zaidi:

docker compose top

Hapo tunaonyeshwa, kontena kwa kontena, michakato inayoendelea: mmiliki wa kila mchakato, namba yake, namba ya mchakato uliouzaa, na amri iliyouanzisha. Tukitaka huduma moja tu, tunaongeza jina lake mwishoni. Jibu hilo ni kama picha ya mara moja. Halijibadilishi lenyewe, hivyo kuona hali mpya ni kuirudia amri. Aidha, katika Linux namba zinazoonyeshwa ni za kompyuta mwenyeji. Mchakato unaojiona namba 1 ndani ya kontena huonekana kwa namba nyingine nje.

Tofauti ya amri hizi mbili si ndogo. Ya kwanza yaweza kusema kontena linaendeshwa, ilhali mchakato msaidizi ndani yake umekwisha kufa. Ya pili ndiyo itakayofichua pengo hilo.

Kwa mwalimu wa lugha, mfano wa lori unafaa kuanzia somo, lakini sharti aonyeshe unapokomea. Shehena hukaa kimya, na kontena la chuma hubaki kontena hata likiwa tupu. Kontena la Docker husimama pindi mchakato wake mkuu unapokwisha.

Mwaka 2004, Jambo OpenOffice iliyotayarishwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilithibitisha kwamba menyu za kompyuta zaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Amri za namna hii, hata hivyo, huandikwa vilevile kila mahali. Kinachobaki mikononi mwetu ni maelezo, na mwanafunzi asiyeyapata kwa lugha anayoielewa ataishia kukariri amri asizozijua maana.