Asilimia Ngapi, na ya Nini?

Tarehe 17 Februari 2009, mjini Denver katika jimbo la Colorado, Rais Barack Obama alitia saini sheria ya kuufufua uchumi wa Marekani. Wino haujakauka, mafundi walikuwa tayari kazini kwenye Mto Osage, karibu na kijiji cha Tuscumbia huko Missouri, wakianza daraja jipya la kurithi lile lililojengwa mwaka 1933. Missouri ikatangaza kuwa huo ndio mradi wa kwanza nchini kuanza kwa fedha za sheria hiyo. Jambo hilo liliwezekana kwa sababu michoro, vibali na zabuni vilikuwa vimekamilika kabla ya Rais kushika kalamu. Kilichosubiriwa kilikuwa fedha tu. Miradi mingi ya barabara haiko hivyo, na matatizo yote yaliyofuata yanaanzia hapo.

Kwanza, ukubwa wa mfuko. Mnamo Desemba 2008 Obama aliahidi uwekezaji katika miundombinu ambao haujapata kuonekana tangu kuanzishwa kwa mtandao wa barabara kuu za kitaifa miaka ya 1950. Sheria yenyewe ilikadiriwa kugharimu dola bilioni 787. Wizara ya Uchukuzi ilipata takriban bilioni 48, yaani senti sita katika kila dola. Kati ya hizo, barabara na madaraja vilipewa bilioni 27.5, usafiri wa umma mijini bilioni 8.4, na reli ya mwendo kasi bilioni 8. Viwanja vya ndege, shirika la reli la Amtrak na wengine wakagawana zilizobaki. Zaidi ya theluthi moja ya mfuko mzima ilikuwa nafuu ya kodi. Lakini nafuu ya kodi haisimamishiwi kibao kando ya njia, na hakuna mbunge anayekata utepe mbele ya fomu ya mapato. Barabara ndizo zilizobeba jina la mpango huo, na lawama zake pia.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Bunge la Marekani liliiandika haraka hiyo katika sheria. Kila jimbo lilipewa siku 120 kuzifunga kwenye miradi nusu ya fedha za barabara zilizokuwa chini ya mamlaka yake, na mwaka mmoja kuzimaliza zote. Jimbo ambalo lingechelewa, fedha zake zingepelekwa kwa majirani. Makamu wa Rais Joe Biden alipewa kazi ya kusimamia. Katika Baraza la Wawakilishi, James Oberstar, mwenyekiti wa kamati ya uchukuzi, alikuwa akichapisha orodha ya majimbo kuanzia lililo mbele hadi lililo mkiani. Hakuna gavana apendaye kuonekana mkiani, hata yule aliyeipinga sheria kwa nguvu zote. Majimbo yote yalitimiza masharti ya muda, na hakuna lililonyang'anywa.

Je, kutimiza muda huo kulimaanisha kwamba barabara zilikuwa zikijengwa? Hapa msomaji anahitaji kujua jinsi fedha za barabara zinavyotembea Marekani. Serikali kuu haimpi gavana gunia la noti. Inaahidi kwamba mradi fulani ukifanyika, itarudisha gharama. Jimbo linatangaza zabuni, linachagua mkandarasi, mkandarasi anafanya kazi, analeta hati ya malipo, jimbo linamlipa, kisha ndipo linapeleka madai Washington. Kwa hiyo kuna hesabu tatu tofauti: fedha zilizotengwa na Bunge, fedha zilizofungwa kwenye miradi iliyoidhinishwa, na fedha zilizokwisha kulipwa. Kuna na ya nne, ile ya kilomita zilizokamilika, ambayo ndiyo pekee anayoiona dereva.

Mwishoni mwa Juni 2009 wakaguzi wa Bunge walitazama vitabu. Karibu dola bilioni 16 zilikuwa zimefungwa kwenye miradi ya barabara zaidi ya 5,000. Zilizokuwa zimerudishwa kwa majimbo zilikuwa takriban milioni 233. Msemaji wa serikali alishika namba ya kwanza, mpinzani akashika ya pili, na kila mmoja akamwita mwenzake mwongo. Wote wawili walisema kweli. Namba ya kwanza hutangulia kazi, kwa maana hakuna kijiko kinachochimba kwa sababu tu karatasi imetiwa saini. Ya pili huchelewa nyuma ya kazi, kwa maana kibarua amekwisha kulipwa mshahara wake wiki nyingi kabla ya hati kufika Washington. Hali halisi ya saiti ilikuwa mahali fulani katikati, na kati ya bilioni 16 na milioni 233 kuna nafasi kubwa mno.

Masharti ya muda yaliamua pia aina ya kazi. Kwa mujibu wa wakaguzi haohao, karibu nusu ya fedha za barabara zilikwenda kwenye kuboresha lami iliyopo: kukwangua tabaka la juu na kuweka jipya, kuziba, kunyoosha. Sababu si uvivu wa wahandisi. Kuweka lami upya ndani ya hifadhi ya barabara iliyopo hakuhitaji kununua ardhi, hakuhamishi mtu wala kaburi, na kwa kawaida hakudai tathmini ndefu ya mazingira. Barabara mpya inadai yote hayo, na daraja kubwa linadai zaidi. Tarehe 1 Agosti 2007 daraja la barabara kuu ya I-35W lilikuwa limeporomoka mjini Minneapolis na kuua watu 13, na nchi nzima ikaapa kuyatazama madaraja yake. Miezi 18 baadaye fedha zilipopatikana, sehemu kubwa iliishia kwenye uso wa barabara, kwa kuwa daraja halisanifiwi kwa siku 120.

Lami hiyo isibezwe, hata hivyo. Barabara iliyokwanguliwa na kuwekwa tabaka jipya kwa wakati huepusha gharama kubwa ya kuijenga upya kuanzia chini. Tena mdororo wa uchumi uliokuwepo wakati huo ulileta neema isiyotarajiwa: wakandarasi wenye njaa ya kazi walileta bei zilizo chini ya makadirio ya wahandisi katika majimbo mengi, na kilichookolewa kikaingizwa kwenye miradi mingine. Hatimaye fedha hizo ziligusa zaidi ya miradi 12,000 ya barabara. Kwa mnunuzi wa lami, mwaka 2009 ulikuwa mwaka mzuri.

Kwa muuza nguvu zake mambo yalikuwa mengine. Ukosefu wa ajira nchini ulifika asilimia 10 Oktoba 2009, na katika sekta ya ujenzi ulipita asilimia 27 Februari 2010. Sheria iliwataka wapokeaji wa fedha waripoti ajira walizozalisha, na ripoti hizo ziliwekwa wazi kwenye tovuti ya serikali. Uwazi huo ulikuwa wa kusifiwa, hadi waandishi wa habari walipogundua kwamba baadhi ya ajira zilikuwa zimezalishwa katika maeneo bunge yasiyokuwepo duniani. Moja lilikuwa eneo bunge la 15 la Arizona. Wakati huo Arizona ilikuwa nayo 8. Makosa ya karani, lakini ya aina ambayo mpinzani hawezi kuinunua kwa fedha.

Kulikuwa na swali zito zaidi kuliko hilo. Majimbo yalikuwa yakipoteza mapato ya kodi, na ilikuwa rahisi kupokea dola ya Washington kwa mkono mmoja na kuondoa dola ya jimbo kwa mkono mwingine. Bunge lililiona hilo likawataka magavana wathibitishe kwa saini zao kwamba hawatapunguza matumizi waliyokuwa wamepanga. Baadhi ya majimbo yalishindwa kutimiza. Barabara ya namna hiyo hung'aa vilevile kama nyingine, ila haimwongezei mtu kazi: ingejengwa hata hivyo.

Miradi mikubwa ilikwenda kwa kasi yake yenyewe. Njia ya nne ya handaki la Caldecott, karibu na Oakland huko California, ilianza kuchimbwa mwaka 2010 kwa msaada mkubwa wa fedha hizo na kufunguliwa Novemba 2013. Ni kazi nzuri, na foleni ya pale ilikuwa kero ya miaka mingi. Lakini mdororo wenyewe, kwa hesabu ya wachumi wanaokabidhiwa kazi ya kuupima, uliisha Juni 2009. Dawa ilifika, mgonjwa akiwa amekwisha kuondoka hospitalini kwa miguu yake, japo akichechemea.

Reli ya mwendo kasi ilikutana na kizuizi kingine: uchaguzi. Novemba 2010 Ohio na Wisconsin zilichagua magavana wapya, John Kasich na Scott Walker, walioikataa miradi ya reli ya majimbo yao. Februari 2011 Rick Scott wa Florida aliikataa njia ya Tampa hadi Orlando pamoja na dola bilioni 2.4. Sehemu ya fedha zilizokataliwa ilielekezwa California, ambako ujenzi ulizinduliwa rasmi mjini Fresno Januari 2015, karibu miaka sita baada ya saini ya Denver. Dola za sheria hiyo zilitumika zote kabla ya muda wake kwisha mwaka 2017. Miaka kumi baada ya uzinduzi wa Fresno, nguzo za zege zilikuwepo, abiria hakuwepo. Kwenye hesabu ya matumizi mradi ulikuwa umefika asilimia 100 ya fedha hizo; kwenye hesabu ya safari, sifuri.

Mwaka 2010 Obama mwenyewe alikiri kwamba miradi ya umma iliyo tayari kuanza papo hapo haipo. Ukweli huo hauna mpaka wa nchi. Mwaka uleule wa 2009 Kenya nayo ilizindua mpango wake wa kuchochea uchumi, wa shilingi bilioni 22, uliogawanywa kwenye mabwawa ya samaki, masoko, shule na vituo vya afya. Mabwawa yalichimbwa upesi. Masoko kadhaa yalibaki kuta kwa miaka, kwa sababu shimo halihitaji fundi umeme.

Hukumu yangu ni hii. Kama matengenezo ya barabara, fedha za 2009 zilinunua kitu cha maana kwa bei nafuu. Kama tiba ya ajira, zilisaidia kwa kiasi, zikachelewa kwa kiasi. Kama mageuzi ya usafiri, ahadi ilizidi uwezo, kwa kuwa sheria moja haiwezi kudai kasi ya miezi minne na pia urithi wa miaka mia. Serikali inayotaka kuwa tayari kwa mdororo ujao ilipie usanifu, vibali na fidia sasa, wakati hakuna kamera.

Nawe msomaji, waziri atakaposimama mbele ya kibao na kusema mradi umefikia asilimia 70, muulize: ya bajeti, ya mikataba, ya malipo au ya kilomita? Akijibu moja, muulize na zile nyingine tatu.